Ukuta wa Karagwe Ndani ya Kompyuta

Msikilizaji, ukifika kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Omurushaka, Karagwe, ukisema unataka bati, muuzaji atakuuliza geji. Geji 28, 30 au 32? Mnunuzi mzoefu anajua kwamba namba ikipanda, unene unapungua. Bati la geji 30 lina unene wa takribani sehemu tatu za kumi za milimita. Dukani hapo si rahisi kupotea, kwa sababu bati lenyewe lipo mbele yako: unaligonga, unajaribu kulikunja pembe, unalisikia likilia.

Sasa biashara hiyohiyo ihamie kwenye kompyuta ya mhandisi anayesanifu darasa. Kisanduku kidogo kinafunguka kwenye skrini na kuuliza unene. Hakijui geji. Kijana aliyekaa na kazi hiyo mpaka saa tano usiku anaandika 30, anabonyeza, kisanduku kinajifunga. Tangu dakika hiyo paa la darasa limekuwa sahani ya chuma yenye unene wa milimita 30. Chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo paa la mita za mraba 100, ambalo mabati yake halisi yana kilo 235 hivi, sasa lina tani 23 na nusu. Picha kwenye skrini haijabadilika hata chembe. Paa bado ni jembamba, bado limechorwa kama karatasi, bado linapendeza.

Kisanduku hicho ndicho mazungumzo yetu ya leo. Kwa wanaofanya kazi hizi, ndipo huwekwa sifa za elementi, na ndipo hesabu nyingi nzuri huharibikia.

Kwanza tuelewane kuhusu mbinu yenyewe. Programu za kuchambua majengo, madaraja na mitambo hukikata kitu kizima kuwa vipande vidogo vidogo. Kila kipande huitwa elementi, na pale vipande vinaposhikana huitwa nodi. Kompyuta haijui ukuta ni nini wala dirisha ni nini. Inachojua ni kwamba kipande fulani kikisukumwa kwa nguvu fulani kitasogea kiasi fulani. Halafu inaunganisha majibu ya vipande vyote, maelfu au hata mamilioni, mpaka ipate mwenendo wa jengo zima.

Mbinu hii ilitokea kwenye ndege. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha makala kuhusu namna ya kukokotoa ugumu wa mabawa, kazi iliyoanzia kampuni ya Boeing nchini Marekani. Miaka minne baadaye Ray Clough akaipa jina ambalo linatumika mpaka leo, mbinu ya elementi (finite element). Mwaka 1967 Olek Zienkiewicz, aliyekuwa akifundisha Swansea huko Wales, akaiandikia kitabu. Shirika la anga la Marekani, NASA, nalo likagharimia programu yake likaiita NASTRAN.

Wakati huo data ziliingizwa kwa kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, safu 80 kila kadi. Kadi zilikufa zamani. Mpangilio wake uko hai, na ndio unaotuhusu. Ukifungua faili la NASTRAN leo utakuta mstari wa elementi ukisema, kwa namna yake: mimi ni kipande namba 4512, nimeshika nodi hizi nne, sifa zangu ziko namba 7. Ukienda namba 7 unakuta: unene wangu ni milimita 230, nyenzo yangu ni namba 3. Ukienda nyenzo namba 3 ndipo unakuta ugumu, uzito na mengineyo. Kipande hakibebi chochote chenyewe. Kimebeba namba tu.

Mkulima wa kahawa wa Kyerwa anaweza kuuelewa mnyororo huu haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. Anapofikisha gunia lake chama cha msingi, karani hajazi kitabuni habari za shamba lake wala za ukoo wake. Anaandika namba ya mwanachama na kilo. Namba ndiyo inayoamua malipo yatamfikia nani. Tarakimu moja ikikosewa, kahawa ni ileile, mizani imesema kweli, na pesa zimeingia kwa jirani.

Ndiyo maana mtu anaweza kuchora jengo kwa ustadi mkubwa, kila mlango mahali pake, kila dirisha kwa vipimo vyake, akapata majibu ya jengo jingine kabisa.

Mkoa wa Kagera una sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, ardhi ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kitovu chake kilikuwa upande wa Nsunga, wilayani Missenyi, jirani kabisa na Karagwe na Kyerwa, kina cha takribani kilomita 40 chini ya ardhi. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Manispaa ya Bukoba ndiyo iliyoumia zaidi. Shule ya Sekondari ya Ihungo ilibomoka kiasi cha kufungwa, na baadaye ikajengwa upya. Karagwe nayo ilihesabiwa miongoni mwa wilaya zilizopata madhara. Na hili halikuwa jambo geni katika ukanda huu wa bonde la ufa la magharibi. Wazee wanakumbuka lile la Toro, Uganda, la Machi 1966, lililoua watu zaidi ya 100.

Ukubwa wa 5.9 si wa kutisha kwa viwango vya dunia. Kuna nchi ambako watu hutikiswa kiasi hicho wakarudi kazini siku hiyohiyo. Kilichoangusha nyumba za Kagera ni kuta: tofali zisizo na nondo, nyingi zikiwa zimeshikiliwa kwa udongo badala ya saruji, na juu ya kuta hizo pembetatu nzito za tofali chini ya paa, ambazo hazikufungwa na kitu chochote. Kwa hiyo mhandisi anayetaka kujua kama darasa la Nkwenda au zahanati ya Kaisho itasimama siku nyingine ya namna hiyo, kazi yake ya kwanza si kuchora. Ni kujua ukuta ule umetengenezwa kwa nini, kisha kuiambia kompyuta ukweli huo.

Na hapo ndipo ugumu unapoanza, maana kompyuta imekuja na majibu yake tayari. Programu nyingi, ukizifungua kwa mara ya kwanza, zina orodha ya nyenzo: chuma cha viwango vya Marekani, zege la Ulaya, alumini, wakati mwingine mbao za misonobari. Tofali la kuchoma la Karagwe halimo. Halina kiwanda kimoja wala kipimo kimoja. Limefyatuliwa kwa fomu ya mbao, likaanikwa, likapangwa tanuru, likachomwa kwa kuni. Lililokuwa katikati ya tanuru limeiva mpaka linalia kama kengele ukiligonga na mwenzake. Lililokuwa pembeni limeiva nusu, ukilikwaruza kwa msumari linaachia unga.

Mazungumzo ya kawaida kwenye eneo la ujenzi huwa hivi. Mhandisi kijana anamuuliza fundi mwashi: "Mzee wangu, hizi tofali zina nguvu kiasi gani?" Naye anajibu huku anaendelea na kazi: "Hizi zimeiva, injinia. Zile za pembeni ya tanuru nimezipeleka kuta za ndani." Mhandisi akiandika tu "tofali nzuri" kwenye daftari, amepoteza taarifa aliyopewa bure. Fundi amemwambia kwamba jengo lina aina mbili za ukuta, na amemwonyesha zilipo. Kwenye kompyuta hizo ni sifa mbili tofauti, zenye namba mbili, ziwekwe rangi mbili ili kila anayefungua faili aone.

Thamani gani sasa iandikwe? Ugumu wa ukuta wa tofali hupatikana kwa kupima, na pasipo na vipimo, kwa kanuni. Kanuni ya Ulaya husema chukua nguvu ya ukuta, zidisha kwa 1,000. Ya India husema zidisha kwa 550. Chukua ukuta dhaifu wenye nguvu ya megapaskali 1.5: kwa kanuni ya kwanza ugumu wake ni 1,500, kwa ya pili ni 825. Chuma kina 210,000, zege la kawaida lina kati ya 25,000 na 30,000. Mtu aliyeacha neno "zege" kwenye kisanduku kwa sababu programu ililiweka lenyewe, ameufanya ukuta wa tofali na udongo uwe mgumu mara kumi na kadhaa, pengine mara thelathini, kuliko ulivyo.

Huo si mchezo wa namba. Jengo lina mdundo wake wa asili, kasi ambayo linapenda kuyumba, na mdundo huo hutegemea mambo mawili tu: ugumu na uzito. Ugumu ukiongezwa mara mbili kimakosa, mdundo unapanda kwa asilimia 41. Uzito ukisahauliwa, na hili hutokea kwa sababu nafasi ya uzito mara nyingi huja ikiwa tupu au sifuri, jengo halina kitu cha kutikiswa. Tetemeko hupata nguvu zake kutoka kwenye uzito wa jengo lenyewe. Darasa lisilo na uzito litapita mtihani wowote wa tetemeko kwa alama zote, na ripoti itachapishwa kwa rangi.

Mbinu ya busara kwa tofali zetu ni kutojidai. Weka ugumu wa chini unaowezekana, endesha hesabu. Weka wa juu unaowezekana, endesha tena. Kama jengo linasimama kwa hali zote mbili, vizuri. Kama linaanguka kwa mojawapo, huna haja ya kompyuta kubwa zaidi. Una haja ya lenta. Lakini ili uweze kubadilisha thamani moja na ukuta mzima ukafuata, lazima ukuta mzima uwe umeunganishwa na sifa moja tangu mwanzo. Aliyekipa kila chumba namba yake ya siri, kisha akasahau ipi ni ipi, atabadilisha vyumba vitatu na kukiacha cha nne.

Vipimo navyo si vya anasa. Tofali likiloweshwa saa 24 na kupimwa kabla na baada, linaonyesha limeiva kiasi gani. Likinywa maji yanayozidi asilimia 20 ya uzito wake, wataalamu wengi hulikataa. Mizani ya dukani inatosha. Kwa nguvu ya kubana inahitajika mashine ya maabara, na tofali chache kwenye kiroba zinaweza kupelekwa Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam kwa nauli ya basi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kosa moja.

Tupande juu, kwenye paa. Kila seremala anayejenga kenchi anajua mbao ya mbili kwa sita husimamishwa, hailazwi. Hajafundishwa fomula, lakini fomula iko upande wake: mbao ya milimita 50 kwa 150 ikisimama ina ukinzani wa kupinda mara tisa kuliko ikilazwa. Kwenye kompyuta mbao hiyo imechorwa kama mstari tu. Mstari hauna juu wala chini. Ni lazima mtu auambie upande upi ni wa juu, kwa mshale wa mwelekeo, na mshale huo ni sehemu ya sifa zinazopaswa kukaguliwa. Ukinakili kenchi moja ukaigeuza ili kupata nyingine, mshale unaweza kubaki ukielekea kulekule kwa zamani. Programu nyingi zina kitufe cha kuonyesha mbao kwa umbo lake halisi badala ya mstari. Kitufe hicho kibonyezwe kila mara kabla ya kuamini chochote. Seremala wa Kayanga akiitwa aangalie skrini hiyo, ataona mbao iliyolazwa kwa sekunde tatu.

Redio inayokufikishia maneno haya nayo husimama juu ya elementi. Karagwe ina historia ya redio za jamii, na FADECO ni ya kutajwa kwanza. Mnara wa redio kwa kawaida ni chuma chembamba kirefu, na mingi hushikiliwa kwa nyaya zilizofungwa chini pande tatu. Waya una tabia ya ajabu: unavuta, hausukumi. Upepo ukija kutoka mashariki, nyaya za mashariki zinakaza, za magharibi zinalegea na hazisaidii kitu. Ukiuchora waya huo kwa elementi ya fito ya kawaida, kompyuta itaupa uwezo wa kusukuma pia, na mnara wako utakuwa na wasaidizi ambao hawapo. Ni lazima uchague aina ya elementi inayokubali mvuto pekee, na uandike mkazo ambao waya ulifungwa nao tangu mwanzo.

Ukuta wa tofali na udongo una tabia kinyume chake. Unasukuma, hauvuti. Ukiubana unastahimili; ukiuvuta unaachana kwenye maungio. Elementi ya kawaida haijui hilo na itavutwa bila kulalamika, ikitoa namba safi za mkazo kwenye ukuta ambao kwa kweli ungekwishapasuka. Mhandisi makini ama atatumia sifa zinazoruhusu kupasuka, ambazo ni ngumu na za polepole, ama atasoma namba za mvuto kwa jicho kali na kusema: hapa pamepasuka, hesabu hii isiaminiwe kuanzia hapa.

Twende mpaka Murongo, wilayani Kyerwa, ambako Mto Kagera unatenganisha Tanzania na Kikagati ya Uganda. Pale kuna mitambo ya umeme wa maji ya megawati 14, inayohudumia nchi mbili. Kituo kidogo cha awali, cha enzi za machimbo ya bati, kiliharibiwa katika vita vya 1979. Kazi za aina hii huchanganya zege nene la ukingo wa maji, milango ya chuma, mabomba makubwa, mashine zinazozunguka na nyumba ya kuvihifadhi. Zege nene huchorwa kwa elementi za ujazo. Bamba la mlango huchorwa kwa elementi za sahani, ambazo unene wake hauonekani kwenye mchoro bali unaandikwa. Nguzo na mihimili ni mistari.

Kwa desturi ya kazi kubwa, timu moja huchambua milango, nyingine zege, nyingine nyumba, kisha mafaili huunganishwa. Siku ya kuunganisha ndiyo siku ya hatari. Kwa timu ya kwanza sifa namba 3 ni bamba la milimita 20. Kwa timu ya pili namba 3 ni zege la nusu mita. Mafaili yakimiminwa pamoja bila kupangiwa namba upya, sifa moja inaweza kuifunika nyingine. Elementi zote bado zina namba, namba zote zina sifa, kompyuta haina sababu ya kugoma. Kukosekana kwa sifa hugunduliwa mara moja. Ukisahau kabisa, programu husimama na kukutajia kipande husika. Sifa isiyo yake haina kengele.

Dawa yake haina ushujaa wowote. Kabla ya kazi kuanza, kila timu hupewa eneo lake la namba: milango kuanzia 1000, zege kuanzia 2000, nyumba kuanzia 3000. Programu kama CalculiX, ambayo hutolewa bure na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mapajani, hutumia majina badala ya namba tupu, na hilo ni neema, ilimradi majina yawe ya maana. Jina "sifa_mpya_2" halimsaidii mtu. Jina "ukuta_tofali_udongo_230" linamweleza hata mgeni. Code_Aster ya shirika la umeme la Ufaransa, EDF, nayo ni ya bure. Kisingizio cha gharama ya leseni kimepungua sana kwa kijana aliyeko Rubwera.

Kuna mtego mwingine ambao umewaadhibu wazoefu na wageni sawasawa: vipimo. Programu nyingi za aina hii hazijui mita wala milimita. Zinapokea namba tu na kukuachia wewe ulinganifu. Ukichora kwa milimita na nguvu kwa newtoni, basi uzito lazima uwe kwa tani, na msongamano wa chuma hauandikwi 7850. Unaandikwa 0.00000000785. Aliyeandika 7850 kwa mazoea amekifanya chuma kiwe kizito mara trilioni moja. Heri kosa hilo, maana majibu yake huwa ya kichaa na huonekana. La kuogopwa ni lile dogo la mara mbili au tatu, linalotoa majibu yanayofanana na ukweli.

Kwa hiyo pimeni uzito, jamani. Hicho ni kipimo cha kwanza na hakihitaji shahada. Darasa la mita 9 kwa 7 lina mzunguko wa mita 32. Ukuta wa mita 3 kwenda juu na unene wa milimita 230 unatoa mita za ujazo 22. Toa milango na madirisha, zibaki 18. Zidisha kwa kilo 1,700 za tofali. Unapata tani 30 na kitu. Ongeza lenta ya zege, tani tatu na nusu hivi. Sasa iulize kompyuta jengo lote lina uzito gani. Ikikujibu tani 34 hivi, endelea. Ikikujibu tani 58, rudi kwenye paa utafute milimita 30.

Dunia ina mfano wake mkubwa wa majibu yaliyoaminiwa. Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjord karibu na Stavanger, Norwe, kitako cha zege cha jukwaa la mafuta la Sleipner A kilizamishwa taratibu kwa majaribio, kama ilivyopangwa. Ukuta mmoja ukapasuka, maji yakaingia kwa kasi isiyozuilika, kitako chote kikaenda chini na kusagika. Hakuna aliyekufa. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 700. Uchunguzi ulikuta kwamba hesabu, zilizofanywa kwa NASTRAN, zilikadiria nguvu za kukata katika kuta zile chini ya kiwango kwa asilimia 47, kwa sababu elementi chache zenye umbo baya ziliwekwa mahali palipohitaji elementi nyingi nzuri. Nondo nazo pale zilikuwa fupi mno. Hesabu makini zaidi zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba kingevunjika kwenye kina cha mita 62. Kilivunjika kwenye mita 65.

Hesabu makini, msikilizaji. Zilikuwa zinawezekana siku zote.

Kazi inayobaki ni ya watu, na iko karibu. Wahandisi wa halmashauri za Karagwe na Kyerwa wanapopokea ripoti ya jengo la umma, wadai ukurasa mmoja zaidi: orodha ya sifa zote zilizotumika, kila moja na jina lake, unene wake, nyenzo yake, mfumo wa vipimo, na neno moja la kueleza thamani ilitoka wapi, kama ni maabara, kanuni au makisio. Pembeni yake uandikwe uzito wa jengo kwa kompyuta na uzito wake kwa mkono. Vijana walio katika mafunzo ya vitendo ya SEAP chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wanaojaza daftari lao kila wiki, wakipangiwa kupima tofali za tanuru tofauti za Bugene, Nkwenda, Isingiro na Murongo na kuziandika mahali pamoja, baada ya miaka michache wilaya hizi mbili zitakuwa na orodha yao ya nyenzo, ya kuingizwa kwenye programu yoyote. Madaftari yapo, tofali zipo, na mafundi wa kuwaonyesha zipi zimeiva wapo. Aanze mmoja.